MKONO ULIOVIMBA SI SIRI YA MGONJWA PEKE YAKE

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, wananchi wa visiwa vyetu huhimizwa kujichunguza matiti na kufika hospitali mapema. Wito huo ni wa haki na sisi tunauunga mkono. Lakini lipo jambo moja ambalo ni nadra kutajwa katika mihadhara hiyo, nalo ni hali ya mwanamke baada ya matibabu kwisha. Amekatwa titi, amepigwa mionzi, ameambiwa saratani imeondoka, naye amerudi kijijini kwake akimshukuru Mwenyezi Mungu. Kisha baada ya miezi kadhaa, au hata miaka, mkono wake wa upande ule unaanza kuwa mzito, bangili inabana, na mkono unavimba.

Jambo hili si la watu wachache. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na wapatao 670,000 walifariki dunia kwa maradhi hayo. Maana yake ni kwamba wengi huendelea kuishi. Na katika kila wanawake watano wanaotibiwa, kiasi cha mmoja hupatwa na uvimbe wa mkono. Kwa hiyo, kadiri tunavyofanikiwa kuokoa maisha, ndivyo idadi ya wenye mikono iliyovimba itakavyoongezeka. Serikali inayojivunia kuwaokoa raia wake haina budi kujiuliza raia hao wanaishi vipi.

Hapana budi kwanza tueleze asili ya uvimbe huo, maana penye ujinga ndipo uvumi hupata makao. Mwilini, mbali na mishipa ya damu, imo mishipa mingine myembamba inayokusanya maji yaliyobaki katika nyama na kuyarudisha kwenye damu. Maji hayo huitwa limfu. Njiani hupita katika tezi, na tezi za kwapani ndizo zinazopokea maji ya mkono na ya titi pia. Saratani ya titi ikitaka kusambaa, aghalabu hupitia hapo, na ndiyo sababu daktari huziondoa tezi hizo au huzichoma kwa mionzi. Kazi hiyo huokoa maisha, lakini huacha njia ya maji imeziba. Ni mfano wa mfereji uliofukiwa: mvua ikizidi, maji hutuama shambani.

Maji yakituama, mambo mawili hufuata. La kwanza, ngozi na nyama hugeuka polepole kuwa ngumu. Uvimbe wa mwanzo hubonyea ukibonyezwa kwa kidole, na huweza kupungua kabisa ukishughulikiwa. Ule ulioachwa kwa miaka haurudi nyuma kwa urahisi. La pili, mkono wa namna hiyo hauna kinga ya kutosha. Mchubuko mdogo huingiza vijidudu, mkono ukawa mwekundu na wa moto, homa ikapanda, na kila shambulio la namna hiyo huzidi kuiharibu mishipa iliyobaki.

Tulizungumza na mama mmoja, mkulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja. Alipasuliwa, akatoka hospitali salama, wala hapana aliyemwambia neno lolote juu ya mkono wake. Mwaka wa pili mkono ukavimba. Jirani wakasema ni husuda. Akachanjwa kwa wembe, akapigwa chuku, na siku ya tatu akachukuliwa hana fahamu kwa homa. Sasa hashuki tena pwani. Binti yake ameacha masomo ili ashike kamba za mwani mahali pa mama. Hatumtaji mama huyo, wala hatutaji hospitali iliyomtibu, kwa sababu kosa hili si la hospitali moja. Ni desturi ya kumtibu mgonjwa mpaka mlangoni na kumwacha hapo.

Tuseme wazi bila kumdharau mtu: mkono uliovimba baada ya saratani usichanjwe wala usipigwe chuku. Kuumika kuna heshima yake miongoni mwa Waislamu, na hatubishani na wanaokutumia katika mambo mengine. Lakini kuukata mkono ambao hauna kinga ni kuwafungulia vijidudu mlango. Hali kadhalika kuuchua kwa nguvu kwa mafuta hakufai. Kukanda kunakofaa ni kule kwa wepesi sana, kiganja kikipita juu ya ngozi kuyasukuma maji kuelekea begani na kifuani, na sharti mgonjwa afundishwe na mtaalamu. Vidonge vya kukojoza navyo si dawa yake.

Wapo wanaodhani kwamba sisi watu wa visiwani hatuna ujuzi wa mambo haya mpaka tuupokee kutoka ng'ambo. Dhana hiyo si ya kweli. Matende tunayajua tangu enzi za mababu. Matende nayo ni maji ya limfu yaliyozuiwa, ila kizuizi chake ni minyoo inayoletwa na mbu, wala si kisu cha daktari. Tangu mwaka 2001 wananchi wa Unguja na Pemba walipewa dawa nyumba hata nyumba, na kampeni hiyo ikatajwa kwa sifa barani Afrika. Wenye miguu iliyokwisha kuvimba nao walifundishwa: osha kwa maji na sabuni kila siku, kausha barabara hasa katikati ya vidole, paka dawa penye jeraha, inua mguu unapopumzika, fanya mazoezi. Mafundisho hayo ndiyo yanayohitajiwa kwa mkono wa mama aliyetibiwa saratani. Wahudumu waliokwisha kujifunza wamo katika shehia zetu, na hapana sababu ya kuwaacha kando.

Mwanamke mwenyewe ana mengi ya kufanya, wala hayahitaji fedha nyingi. Anayetawadha mara tano kwa siku amekwisha kupata nusu ya kazi. Iliyobaki ni kukausha vizuri na kupaka mafuta mepesi ili ngozi isipasuke. Avae glovu anapomenya muhogo, anapokuna nazi na anapotoa chungu motoni. Pete na bangili zinazobana azivue. Hina ya majani si kitu kwa ngozi iliyo nzima, lakini piko lenye dawa ya nywele limewaunguza wengi hata mikono mizima, basi mwenye mkono wa namna hii aliepuke kabisa. Unene nao huzidisha uvimbe, na kuupunguza ni sehemu ya matibabu. Na pindi mkono unapokuwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, asingoje asubuhi wala asijaribu majani. Aende kituoni apewe dawa ya kuua vijidudu.

Lipo kosa lingine linalofanywa na watu wenye huruma. Mgonjwa huambiwa asibebe kitu, asifanye kazi, mkono aulaze tu. Zamani hata madaktari walisema hivyo. Elimu ya leo imekwenda mbele. Katika uchunguzi uliofanywa Philadelphia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2009, wanawake 141 waliokwisha kuvimba mikono waligawanywa mafungu mawili. Wale waliofundishwa kunyanyua vyuma, wakianza na vyepesi na kuongeza kidogo kidogo, wakiwa wamevaa soksi ya kubana mkono, hawakuzidi kuvimba kuliko wenzao. Tena mashambulio ya kuzidiwa yakapungua kwao na nguvu ikaongezeka. Misuli inapokaza ndiyo inayoyasukuma maji. Basi mkulima wa mwani hapaswi kufungiwa ndani. Anapaswa kurudishwa kazini kwa hatua: mzigo mdogo kwanza, mkono umefunikwa dhidi ya miiba na mikato ya kamba, na apumzike anapohisi uzito. Gunia lililolowa maji libebwe na wawili.

Baada ya hayo tunawageukia watendaji. Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza kwamba matibabu ni haki ya kila mwananchi, si fadhila ya mwenye mali. Haki hiyo haiishii mwanamke anapotolewa nyuzi. Wagonjwa wetu wamekuwa wakivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kupata mionzi. Na kwa mama wa Micheweni safari hiyo ni ya bahari mbili. Hawezi kurejea huko kila mkono unapomzidi. Huduma ya mkono lazima iwe karibu na nyumba yake.

Tunayoyadai si makubwa. Kwanza, mikono yote miwili ipimwe kwa futi ya fundi cherehani kabla ya upasuaji, na ipimwe tena kila mgonjwa anaporudi kliniki. Tofauti mpya ya sentimita mbili ni dalili ya kutosha ya kuchukua hatua. Futi hiyo haishindi bei ya soda. Pili, asitoke mwanamke yeyote wodini bila ya kufundishwa, naye akabidhiwe karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili safi. Tatu, kila wilaya iwe na muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo anayejua kufunga bandeji za kubana na kufundisha mazoezi. Nne, bandeji hizo na soksi za mkono ziingizwe katika orodha ya vifaa vinavyonunuliwa na hospitali zetu, maana soksi huchakaa baada ya miezi michache na bei yake humshinda mkulima. Tano, madaktari wetu wapewe nyenzo za kuchunguza tezi ya mwanzo tu ya kwapani, na kuziacha nyingine zisipokuwa na saratani. Njia hiyo hupunguza sana hatari ya uvimbe, nayo huwafaa zaidi waliowahi mapema. Hapo ndipo wito wa Oktoba unapopata maana yake kamili.

Wajibu si wa Wizara peke yake. Masheha, viongozi wa matawi na jumuiya za wanawake wanawajua watu wao nyumba kwa nyumba. Wasingoje mgonjwa ajitokeze, kwani wengi huuficha mkono ndani ya buibui kwa haya, wakaacha kwenda harusini na hata mazikoni. Na waume nao tunawaambia: mwanamke huyu hakupungua utu wake. Kumfunga mkewe bandeji jioni hakumvunjii mwanamume heshima.

Mama tuliyemtaja hapo juu alituambia kwamba hataki sadaka. Anataka kushuka pwani pamoja na wenziwe na binti yake arudi skuli. Hilo linawezekana. Linahitaji futi, bandeji, muuguzi aliyefunzwa na kiongozi wa shehia aliye macho. Tutamwuliza tena mama huyo hali yake, na majibu yake ndiyo yatakayokuwa kipimo cha kazi yetu sote.