UCHAMBUZI: Sakafu laini isiyo na sumu yawezekana, lakini ni nani atakayeipima?

KATIKA kipindi cha miaka michache iliyopita, bidhaa moja imebadilisha sura ya nyumba nyingi nchini Kenya. Mkeka wa mbao, kama wanavyouita wauzaji kutoka Kamukunji hadi Kongowea, umefunika saruji katika vyumba vya kupanga, saluni, maduka na madarasa ya chekechea.

Kinyume na jina lake, mkeka huo hauna hata kibanzi cha mbao. Kwa kawaida ni plastiki aina ya PVC iliyopigwa chapa ya picha ya mbao, ikalainishwa ili iweze kukunjwa kama zulia.

Wanaoudharau hawajui taabu ya sakafu mbovu. Mama aliyezoea kusugua saruji nyekundu kwa nta kila Jumamosi, au kupambana na vumbi na funza kwenye sakafu ya udongo, ana kila sababu ya kuufurahia. Nchini Mexico, watafiti waliochunguza mpango wa serikali wa kuweka saruji kwenye nyumba za maskini walieleza mwaka 2009 kwamba pale ambapo sakafu ya udongo iliondolewa kabisa, maambukizi ya minyoo miongoni mwa watoto yalipungua kwa asilimia 78. Sakafu safi ni tiba.

Swali ni iwapo tiba hiyo haina sumu yake. Kila anayeufungua mkeka mpya hukaribishwa na harufu kali, akafungua madirisha siku mbili tatu, na harufu inapokwisha akaamini kuwa mambo yamekwisha. Hapo ndipo penye kosa.

Harufu hiyo hutokana zaidi na viyeyusho, wino na gundi, vitu ambavyo huruka upesi. Kemikali iliyotiliwa shaka zaidi na wanasayansi karibu haina harufu, na haina haraka ya kuondoka.

PVC yenyewe ni ngumu, kama bomba la maji linavyoonyesha. Ili iwe laini, viwanda huichanganya na vilainishi vya majimaji, na kwa miongo mingi vilivyotumika zaidi ni vya jamii ya thaleti. Kilainishi hakishikamani na plastiki kwa kifungo cha kikemikali. Hukaa katikati ya minyororo yake jinsi mafuta yanavyokaa ndani ya chapati, na kama mafuta hayo, hutoka polepole mwaka baada ya mwaka, kikaingia katika vumbi la nyumba. Anayeishi karibu zaidi na vumbi hilo ni mtoto anayetambaa na kutia vidole kinywani.

Mnamo 2004, watafiti nchini Sweden walichapisha matokeo ya uchunguzi wa takriban watoto 400, nusu yao wakiwa na dalili za pumu au mzio. Thaleti moja katika vumbi la vyumba vya kulala ilihusishwa na pumu, na nyingine na mafua ya mzio na ukurutu. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba sakafu ndiyo iliyomletea mtoto ugonjwa, lakini uliongeza uzito katika hoja iliyokuwa tayari ikijadiliwa kwingine, hasa kuhusu athari za thaleti kwa homoni na uzazi.

Nchi za kaskazini mwa Ulaya ziligundua jambo lingine. PVC inapogundishwa juu ya saruji ambayo haijakauka vyema, unyevu wenye magadi huvunja kilainishi na kuzaa kemikali nyingine inayopanda hewani. Fundi anayetandika wiki moja baada ya kumwaga saruji hujenga mtambo mdogo wa kemikali chini ya miguu ya mpangaji.

Sheria zikafuata. Marekani ilizuia baadhi ya thaleti katika vitu vya kuchezea watoto kupitia sheria ya mwaka 2008. Umoja wa Ulaya ulipiga hatua zaidi: tangu Julai 7, 2020, bidhaa nyingi za matumizi ya nyumbani, sakafu zikiwemo, haziruhusiwi kuwa na thaleti nne zilizotajwa kwa kiwango kinachofikia asilimia 0.1 ya uzito. Kuhusu madini ya risasi, ambayo zamani yalitiwa katika PVC ili isiharibiwe na joto, marufuku ya Ulaya ilianza kutekelezwa Novemba 2024, ingawa PVC iliyorejelewa ilipewa misamaha.

Sheria hizo hulinda wanaoishi ndani ya mipaka ya waliozitunga. Kiwanda cha Asia chenye mitambo miwili, mmoja wa kuchanganya malighafi mpya na mwingine wa ile ya kale, hakilazimiki kuuzima ule wa kale iwapo kuna soko lisilouliza maswali.

Je, kuna kitu kingine kinachoweza kuwa laini kama raba bila kutiwa kilainishi? Kipo, na si kimoja.

Cha kwanza ni raba halisi. Hospitali na viwanja vya ndege vimeitandika kwa miongo mingi, na biashara yake ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 kampuni ya Interface ya Marekani ililipa takriban dola milioni 420 kuinunua nora, mtengenezaji wa sakafu za raba kutoka Weinheim, Ujerumani. Hata hivyo, raba hupikwa kwa salfa pamoja na vichapushi, na mabaki ya kemikali hizo ndiyo yanayoipa harufu yake. Ikishapikwa, haiyeyuki tena ikafinyangwa upya. Nayo bei yake haimfai mpangaji wa Kayole.

Cha pili ni cha kale kuliko PVC. Mwingereza Frederick Walton alibuni linoliamu katika miaka ya 1860 baada ya kutambua kwamba mafuta ya mbegu za kitani yakipata hewa hugeuka utando unaonepa. Aliyachanganya na unga na kuyapaka juu ya kitambaa. PVC iliiondoa sokoni baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kuwa rahisi zaidi, lakini imerejea kwa nguvu huko Ulaya. Nayo ina harufu yake, kwani mafuta yale huendelea kuvuta oksijeni na kutoa mivuke kidogo kidogo.

Kundi la tatu ndilo linalowashughulisha wahandisi zaidi. Katika miaka ya 1990, vichocheo vipya vinavyoitwa metalosini viliwawezesha wataalamu kuunda polima za jamii ileile ya mfuko wa nailoni, ila zenye matawi madogo yaliyopangwa kwa ustadi kwenye mnyororo wake. Matawi hayo huizuia minyororo kujipanga na kuwa migumu. Ulaini unatokana na umbo la polima yenyewe, kwa hivyo hakuna mafuta ya kuvuja. Hakuna klorini pia.

Kampuni ya Tarkett ya Ufaransa huuza sakafu ya aina hii kwa jina iQ One. Windmöller ya Ujerumani ilifuata njia nyingine kwa kutengeneza poliyurethani ambayo sehemu yake hutokana na mafuta ya nyonyo na ya mbegu nyingine, ikakolezwa kwa unga wa chokaa.

Kwa nini basi sakafu hizi hazijaifukuza PVC? Polima zenye matawi hazipendi kushikana na kitu. Gundi huteleza juu yake, rangi hubanduka, na kiti kikiburutwa huacha mkwaruzo, hivyo lazima ngozi yake ya juu itibiwe kwa umeme au ifunikwe kwa utando mwingine. PVC ina klorini inayoizuia kuwaka ovyo, ilhali polima hizi huwaka kama mshumaa hadi zijazwe madini ya kuzuia moto, na madini yakizidi ulaini hupungua. Poliyurethani nayo hutumia kemikali za isosianati, ambazo ni hatari kwa mapafu ya wafanyakazi kiwandani hata kama sakafu iliyokamilika haina neno. Kila ufumbuzi una gharama yake, na gharama hizo humfikia mnunuzi.

Tena neno "mbadala" si cheti cha usalama. Mikeka ya sponji ya rangi rangi, ile inayounganishwa vipande vipande na kutandikwa watoto wachezee, kwa kawaida hutengenezwa kwa polima ya EVA, isiyo na klorini wala thaleti. Ilionekana kuwa jibu hadi ilipobainika kwamba mingi ilikuwa ikitoa fomamidi, masalio ya kemikali zinazotumika kuumua sponji. Ubelgiji iliipiga marufuku mwishoni mwa 2010, Ufaransa ikasimamisha mauzo mwaka uliofuata, na mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo cha mikrogramu 20 kwa kila mita ya ujazo ya hewa baada ya siku 28.

Siku hizo 28 ndizo zilizobadilisha sekta yenyewe, kuliko uvumbuzi wowote wa maabara. Kipande cha sakafu hufungiwa katika chumba kidogo cha majaribio chenye nyuzijoto 23 na hewa inayobadilishwa kwa kiasi maalumu. Baada ya siku tatu, kisha baada ya siku 28, hewa hiyo huchukuliwa na kuchunguzwa kilichomo. Kanuni za kamati ya Ujerumani ya AgBB hudai jumla ya mivuke isizidi miligramu moja kwa mita ya ujazo siku ya 28. Ufaransa, kuanzia 2012, ililazimisha kila bidhaa mpya ya sakafu kubandikwa herufi kutoka A+ hadi C, jinsi friji zinavyobandikwa alama za umeme.

Kipimo kama hicho hakijali iwapo polima ni ya kale au mpya, ya mafuta ya petroli au ya nyonyo. Kinauliza kitu kimoja tu: ni nini kinachoingia hewani. Mtengenezaji aliyejua kwamba herufi C itamfukuzia wateja alikuwa na sababu ya kugharimia polima bora.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari za kumwezesha kufaidika nazo, na ulinzi wa afya yake. Shirika la kutathmini ubora wa bidhaa nchini, KEBS, limekuwa na mpango wa kukagua bidhaa kabla ya kusafirishwa humu nchini tangu 2005. Kinachopaswa kuulizwa ni iwapo roli la mkeka linalopita bandari ya Mombasa hupimwa unene na rangi tu, au pia thaleti, risasi na mivuke.

Hata kipimo cha Ulaya hakiwezi kunakiliwa kama kilivyo. Nyuzijoto 23 si joto la nyumba ya mabati huko Kisauni saa nane mchana, na kadiri joto linavyopanda ndivyo vilainishi vinavyotoka kwa kasi zaidi. Baadaye, mkeka ukichakaa, safari yake huishia jalala kama la Dandora, ambako PVC inayoungua hutoa tindikali na dayoksini.

Eneo hili si geni kwa njia nyingine. Shirika la EarthEnable, lililoanzia Rwanda, hushindilia udongo wa kawaida kisha kuumwagia mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa utando mgumu usiopitisha maji, kanuni ileile aliyoitumia Walton. Sakafu hiyo hainepi kama raba wala haiwezi kutandikwa kwenye ghorofa ya nne mjini Nairobi. Lakini mbarika unaotoa nyonyo humea hata katika sehemu kame za Kenya, maganda ya korosho ya Kilifi na Kwale yana mafuta ambayo viwanda kwingineko duniani huyageuza kuwa utomvu wa rangi na breki, na mkonge upo wa kutosha kwa kitambaa cha chini.

Kwa sasa, anayesimama dukani Kamukunji ana njia chache za kujilinda: kumdai muuzaji karatasi ya vipimo inayotaja thaleti, kuepuka kugundisha mkeka juu ya saruji mbichi, na kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kulitimua kwa ufagio. Wengi wa wauzaji hawataielewa karatasi anayoulizia.