Mito ya Kyela na Hatima ya Bandari za Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Mvua inayostawisha kakao na mpunga wa mkulima wa Busale, wilayani Kyela, ndiyo hiyohiyo inayozipa shida bandari za kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Sababu yake iko katika sura ya nchi. Kutoka kilele cha Mlima Rungwe, chenye urefu wa takriban mita 2,960, hadi ufukwe wa ziwa ulio karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, ni mwendo wa kilomita 50 hivi tu. Mito ya Kiwira na Mbaka huteremka kwa kasi ikibeba udongo wa milimani, hufika tambarare, hupoteza nguvu na kuutua mzigo wake mlangoni mwa ziwa.

Tambarare yenyewe, pamoja na rutuba inayoupa mchele wa Kyela sifa yake, ni kazi ya mito hiyo kwa karne nyingi. Lakini bandari hailimwi. Mwaya ilitumika tangu enzi za Wajerumani. Baadaye Itungi ikashika nafasi yake. Nayo Itungi ilipozidiwa na mchanga, shughuli za meli zikahamia Kiwira. Ziwa lina kina kinachofikia takriban mita 700, ila kina hicho hakiifai meli iliyokwama kwenye lango.

Tatizo hili si geni duniani. Yangzhou, mji wa China uliokulia kando ya mfereji ulioanza kuchimbwa mwaka 486 K.K., ulivutia wafanyabiashara hadi kutoka Uarabuni na Uajemi. Hata hivyo, mchanga wa Mto Yangtze uliendelea kuusogeza ukingo mbali na mji, na mwaka 738 ikalazimu kuchimbwa kipande kipya cha mfereji ili mashua zifike mtoni. Wachina walichimba, wakazibua, wakachimba tena, kizazi baada ya kizazi.

Kyela nayo inaweza kuchimba, na haina budi. Uchimbaji pekee, hata hivyo, ni kufuta maji sakafuni huku bomba likiwa wazi. Bomba lenyewe liko juu, kwenye kingo za mito, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60. Kuisimamia sheria hiyo katika mashamba ya milimani, ambako ardhi ni finyu na familia ni nyingi, ni kazi ngumu kuliko kuleta mtambo wa kuchimba mchanga.

Gharama ya kuchelewa inaonekana majini. MV Njombe na MV Ruvuma, zilizojengwa Itungi, hubeba tani 1,000 kila moja, na MV Mbeya II huchukua abiria 200. Serikali inajenga bandari mpya Mbamba Bay, mkoani Ruvuma. Meli itakayopakia huko shehena kamili kuja kaskazini itahitaji mlango wa kuingilia Kyela wenye kina kinachoitosha.