LORI LA CHAMA: TUHESABU KWANZA



Tangu ulipokwisha mkutano wa wajumbe, hapana siku ipitayo pasipo mtu kuingia afisini akauliza, "Lori linakuja lini?" Jawabu yetu ni kuwa lori halijanunuliwa, na sisi wa afisini tunaona lisinunuliwe kwa namna ilivyopendekezwa. Na kwa kuwa fedha ni za wanachama wote, si za wale walio hodari wa kusema mkutanoni, tumeona ni haki tuandike sababu zetu hapa, kila mtu azipime kabla ya kunyosha mkono.

Lori lenyewe ni Fuso la tani nne, lililokuwa likifanya kazi baina ya Iringa na Mbeya, na mwenyewe anataka shilingi 45,000,000. Mwenzetu mmoja wa kamati, ambaye mapenzi yake kwa magari hayamfichiki mtu (akisikia mlio nyuma ya nyumba hukwambia ni motokaa ya aina gani kabla hajaiona), alikwenda huko kulitazama, na afisi ikafuatana naye. Aliporejea alisema mambo mawili yaliyowafurahisha wengi. La kwanza, kwamba gari lililozoea milima ya huko halitashindwa na vilima vya Pemba. La pili, kwamba wakulima wa huko wametajirika kwa kumiliki malori yao wenyewe, basi kwa nini sisi tuendelee kuwalipa wenye malori?

Tuanze na milima. Anayetoka pwani kwenda Iringa, akisha kupita Ruaha Mbuyuni, huupanda Mlima Kitonga, na hapo lori lenye mzigo hutambaa kwa gia ya kwanza na ya pili, injini ikichemka, utingo akichungulia maji ya rejeta. Kushuka ndiko kuliko kubaya zaidi, maana dereva asiyetumia gia ndogo huzichoma breki zake kabla hajafika chini. Mbeya nako kuna mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi. Mwezi wa Julai 2018 lori lililoshindwa breki liliyavaa magari ya abiria hapo, na watu wapatao 20 wakapoteza roho zao.

Na njia hiyo haikuanza jana kuyala magari. Smith alipotangaza kwa nguvu uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yake, na mafuta yakawa hayana budi kupita Dar es Salaam, Iringa na Mbeya hata Tunduma, juu ya malori, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Malori mengi yalipinduka, na Wazungu wakaipa jina la njia ya Jahannamu. Serikali mbili zile hazikungoja sana: mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilikwisha fika Ndola, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa. Lami nayo ilitandikwa, lakini milima haikuondoka.

Kwa hiyo tunapoambiwa kuwa lori hili "limesoma" Kitonga, sisi twasikia kuwa klachi yake, gia zake na breki zake zimeliwa Kitonga. Mtu aliyebeba magunia bandarini miaka kumi hatusemi kuwa mgongo wake umepata nguvu. Hata kulijaribu kulekule hakutoshi. Iringa na Mbeya ziko juu ya bahari zaidi ya mita 1,500, na hewa nyepesi ya huko huipunguzia nguvu injini isiyokuwa na taboo, kadiri ya sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000. Mnunuzi akiliona zito ataambiwa, "Ni hewa, likifika pwani litaruka." Huenda ni kweli, na huenda ni pistoni zimekwisha. Nani atajua?

Lakini hilo ni dogo mbele ya jambo la pili. Ni kweli kuwa huko juu wako wakulima wenye malori, na malori yanawalipa. Tuliuliza sababu, na sababu si siri. Nyanya za Ilula zikipungua, kuna mahindi. Mahindi yakisha, kuna viazi mviringo vya Mbeya na Njombe, na mpunga wa Usangu. Mafinga kuna mbao za Sao Hill mwaka mzima, Mufindi na Rungwe kuna chai, Tukuyu kuna ndizi. Na lori likishusha mzigo Dar es Salaam hurudi na mbolea au bidhaa za madukani. Gari la mkulima wa kule halilali. Likiharibika, liko katika barabara kuu iendayo Zambia, ambako malori ya namna yake hupita usiku na mchana, na Ipogolo au Mwanjelwa hakosi fundi aliyekwisha kulifungua jengine kama hilo wiki ileile.

Sasa tulilete hapa kwetu. Tuseme tumelinunua kwa 45,000,000, tukalitumia miaka minane, kisha tukaliuza 13,000,000. Limetupotezea 32,000,000, yaani 4,000,000 kila mwaka, hata likiwa limesimama chini ya mwembe. Tairi sita kwa shilingi 600,000 moja, zikidumu miaka miwili, ni 1,800,000 kwa mwaka. Dereva kwa 300,000 kwa mwezi ni 3,600,000. Bima, leseni na ukaguzi tuweke 1,600,000, na gereji 3,000,000, na hapo tunajipendelea. Jumla ni shilingi 14,000,000 kwa mwaka, kabla ya tone moja la dizeli, na bila gharama ya kulivusha bahari. Likifanya kazi siku 100 za msimu, kila siku moja imetugharimu 140,000.

Hizo ni siku 100 za mwaka mwema. Nani katika sisi asiyejua tabia ya mkarafuu? Hujaa mwaka mmoja, kisha hupumzika, na mwaka mwengine twachuma kidogo kiasi cha kuona haya kuyatandika majamvi. Mwaka kama huo lori likipata siku 40, kila siku itakuwa imetugharimu 350,000. Mkarafuu hupumzika, dereva, bima na kutu havipumziki. Nayo ndiyo miaka ambayo mwanachama anaihitaji zaidi fedha yake mkononi.

Tena tuulizane, shida yetu ya uchukuzi iko wapi? Si baina ya Wete na kituo cha ZSTC, ambako barabara ipo na gari za kukodi zipo. Iko baina ya mkarafuu na jamvi, katika vijia vya mashamba, mvua ikinyesha, karafuu zikiwa mbichi na nzito. Maana zikikauka hubaki takriban thuluthi ya uzito wake. Katika vijia hivyo Fuso halipiti. Hupita punda, gari la ng'ombe, pikipiki, na pengine kirikuu, kile kigari kidogo ambacho hata likizama watu sita hulisukuma.

Mwenzetu mpenda magari atasema tunaogopa maendeleo, na kuwa kirikuu si gari la chama chenye heshima. Tunamheshimu, na katika uchaguzi wa spea na mafundi hatuna wa kumshinda. Lakini yeye mwenyewe alitwambia njiani kuwa gari bora ni lile ambalo fundi wa mtaani kwako analijua na spea yake hulali ukiingoja. Hatukupata Wete fundi aliyekwisha kuifungua injini ya Fuso hili.

Rai yetu ni hii. Msimu ujao chama kikodi lori kwa siku za kupeleka karafuu kavu tu, kwa mapatano ya maandishi kabla msimu haujaanza, wakati wenye malori bado wanatafuta kazi. Bei ya kutwa pamoja na dereva, bila ya mafuta, ikizidi 140,000 hata katika mwaka wa karafuu nyingi, basi suala la kununua lirudi mkutanoni, nasi tutakuwa wa kwanza kulisikiliza. Na kamati itazame bei ya kirikuu kimoja kwa majaribio ya mashambani.

Wanachama waliokodi gari msimu uliopita wanaombwa walete afisini risiti zao, au hata kumbukumbu ya mdomo: walilipa kiasi gani, kutoka wapi hata wapi, na magunia mangapi. Hesabu hizo zitasomwa mkutanoni mbele ya watu wote kabla ya kura kupigwa.

Katibu