Usinunue mashine ya vumbi ya nchi ya baridi

Leo naongea na mnaotengeneza vitu vya mbao uani kwenu na kuviuza kwa simu: trei, stuli, fremu za picha, mbao za kukatia mboga, vinyago, meza ndogo. Kama wewe unauza nguo au viatu, usipite kwanza, mpelekee fundi wako asome.

Nasema kabisa mapema ili mtakaobisha mbishe vizuri: kwa sisi wa Newala, Masasi na kwingine kusiko na baridi ya kuganda, hela ya kwanza ya vumbi isiende kwenye mashine yenye filta ya bei mbaya. Iende kwenye kulitoa vumbi nje ya ukuta.

Mimi nilikosea kwanza ndo nikajifunza. Mnajua huku kwetu minada ya korosho ikianza mwezi wa 10, hela inaonekana na oda zinamiminika. Msimu mmoja nikapata oda ya trei 12 kutoka Dar. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi, picha zikatoka safi, mzigo ukapanda basi. Siku mbili mbele mteja kanitumia sauti WhatsApp: "Kaka, mbona trei zako zina chunusi?" Ukipitisha kiganja juu unasikia vipele. Nikarudisha nusu ya hela na yule mteja sijamwona tena.

Nikadhani vanishi ni feki. Nikabadilisha duka, chunusi zikabaki. Mpaka usiku mmoja umeme ukakatika nikiwa nimemaliza kupiga msasa, nikawasha tochi ya simu ili nitafute kopo. Ule mwanga ulikuwa kama taa ya gari kwenye ukungu. Saa nzima ilikuwa imepita tangu nizime mashine na vumbi bado linaelea, linashuka taratibu kwenye vanishi mbichi. Na hilo hilo ndo nilikuwa navuta puani, mimi na mdogo wangu anayenifungia mizigo. Yeye tukikata mpingo macho yalikuwa yanamvimba, nikawa namwambia ni usingizi.

Jaribu leo usiku. Piga msasa, zima mashine, subiri dakika 10, zima taa, washa tochi. Utakachoona ndicho unachonunulia mashine. Maranda yaliyolala chini siyo shida, hayo hata ufagio unayaweza. Shida ni kile cha kuelea.

Nikakusanya hela nikaagiza mashine ya kunyonya vumbi. Muuzaji aliniambia "HP mbili, inamaliza kila kitu." Kweli, ilikula maranda kama ng'ombe. Lakini mfuko wake wa juu ulikuwa kitambaa chepesi. Vipande vikubwa vinabaki ndani, unga mwembamba unapenya kitambaa na kurudi chumbani. Nikapiga tochi tena: ukungu ule ule, safari hii umechanganywa vizuri. Nilikuwa nimenunua mashine ya kupuliza salfa nikaiweka ndani!

Na salfa tunaijua wote. Mikorosho ikiwa kwenye maua watu wanapuliza kuzuia ubwiri unga. Hakuna mkulima mwenye akili anayesimama upande upepo unakoelekea. Anawahi alfajiri hewa imetulia na anafunga uso. Sasa mtu huyo huyo mchana anaingia karakana ya matofali yenye dirisha moja, anawasha mashine ya msasa, uso wazi. Inakuwaje?

Wengine mtasema wazee wetu wa Kimakonde wamechonga mpingo maisha yao yote na hawakuwa na mashine yoyote ya vumbi. Ni kweli, lakini angalia walivyofanya kazi. Walikaa nje chini ya mti, wakatumia tezo na patasi. Tezo inatoa vipande, vinaanguka miguuni. Msasa ulikuja mwishoni, kwa mkono, kwenye upepo. Sisi tumeleta mashine inayosaga mbao kuwa unga, tukaingia nayo ndani, tukafunga mlango jirani asisikie kelele. Kazi imebadilika, kwa hiyo mfano wa wazee hautulindi.

Siwatishi bure. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1995, na inayotajwa zaidi ni saratani ya pua na matundu yake. Uingereza kikomo cha vumbi la mbao ngumu kazini ni miligramu 3 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Piga hesabu. Chumba changu ni mita 3 kwa 4, kimo mita 2.7, yaani mita za ujazo kama 32. Ukiwa na gramu 0.1 tu ya vumbi linaloelea mle ndani umeshafika kikomo chao. Hiyo ni chumvi ya kubana kwa vidole viwili, tena kidogo. Na mbao zetu siyo za upole: mpingo, mninga na mvule vumbi lake linajulikana kwa kuwasha ngozi, pua na kifua.

Sasa kwa nini nasema usinunue ya nchi ya baridi? Wengi wetu tumejifunza YouTube, mimi mmoja wao. Mafundi wa kule wengi wako Marekani, Kanada na Ulaya. Wana majira ya baridi, karakana zao wanazipasha moto kwa hela. Akitoa hewa nje, anatupa joto alilolilipia. Ndiyo maana ananunua filta nzuri sana ili hewa ile ile isafishwe na kurudi ndani. Ile filta inalinda joto lake. Wewe wa Newala unalinda joto gani? Hata mwezi wa 7 ukungu ukitanda hapa juu tunavaa sweta tu tunaendelea na kazi.

Kwa hiyo faida yetu ndiyo hii: hewa chafu tunaweza kuitupa nje bure. Ukiielewa hiyo, kuchagua kunakuwa rahisi. Usiulize "mashine gani ina HP nyingi?" Jiulize haya.

1. Vumbi langu linatoka kwenye kifaa gani?

Kama kazi yako ni mashine ya msasa na ruta ndogo, unahitaji kinyonyaji kidogo cha bomba jembamba, kile kama cha kufagilia zulia lakini cha kazi. Kinavuta kwa nguvu ila hewa kidogo, na kinatakiwa kifike pale pale vumbi linapozaliwa. Kama una msumeno wa meza au mashine ya randa, hiyo inatema maranda mengi, inataka hewa nyingi kwenye bomba la inchi 4, karibu mita za ujazo 10 kwa dakika. Usichanganye. Ukipunguza bomba kutoka inchi 4 hadi 2, njia ya hewa inabaki robo, siyo nusu. Hapo HP yako inapotea bure.

2. Mashine inaweza kukaa nje?

Hii ndo siri yangu. Ile mashine yangu ya mfuko mwepesi sikuiuza. Nilitoboa ukuta, nikaihamishia nje chini ya kibanda cha bati chenye mlango wa kufuli. Bomba linaingia ndani, mashine na mfuko viko nje. Unga unaopenya mfuko unaondoka na upepo. Na kelele imepungua chumbani. Bomba liwe fupi na lisiwe na kona nyingi, na likiwa la ndani laini ni bora kuliko lile la mikunjo mikunjo.

3. Maranda yataangukia wapi kabla ya kufika kwenye mashine?

Weka pipa katikati. Hewa ikiingia kwa ubavu inazunguka kama kimbunga, vipande vizito vinaanguka chini, hewa inaendelea juu. Kwa kinyonyaji kidogo, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko mgumu inatosha. Lakini sikiliza, wengi wanadanganywa hapa: pipa linapunguza kuziba, haliondoi unga mwembamba wote. Ule unapita kwenda mbele. Kwa hiyo pipa peke yake siyo ulinzi wa mapafu.

4. Hewa mpya inaingilia wapi?

Ukitoa hewa bila kuingiza nyingine mashine inakoroma tu. Acha dirisha wazi upande upepo unakotoka, utoe uchafu upande unakokwenda. Hapa juu, miezi ya katikati ya mwaka upepo wa kusi unasukuma kweli, ukifungua pande mbili nusu ya kazi imekwisha. Masasi kule chini kuna milima ya mawe, upepo unaweza kugeuka kila kona. Funga kitambaa kwenye mti, angalia siku tatu kabla hujatoboa ukuta.

5. Vumbi langu linamwangukia nani?

Hapa ndipo wanaobisha wana hoja, na nakubaliana nao. Kutupa nje siyo ruhusa ya kumtupia jirani. Sisi wa uwanda wa Makonde maji ni shida, watu wengi wanakinga ya mvua kutoka kwenye bati. Vumbi lako likitua kwenye bati la mama wa jirani, analinywa. Elekeza tundu chini, mbali na bati, jiko na nguo za kuanika. Kama nyumba zimebanana na huna pa kuelekeza, basi wewe ndiye unayehitaji filta nzuri ya kushika unga mwembamba, mikroni 1 na kushuka. Nunua bila kulalamika, au hamishia msasa shambani.

Hela ikiwa ndogo kabisa? Usisubiri mashine. Toa meza ya msasa nje kwenye kivuli, simama upepo ukiwa unatoka ubavuni, vaa barakoa ya N95 au FFP2 inayobana uso. Ile ya kitambaa tuliyoshona wakati wa Korona hapana, na khanga hapana. Feni ya kusimama usiiwashe ndani ukidhani inasaidia, inatimua tu. Wakati wa kufagia usifagie kavu. Maji hapa tunanunua kwa ndoo, kwa hiyo lowanisha maranda kidogo, yamwage sakafuni, yafagie pamoja na vumbi. Yanashika unga na hujamaliza maji.

Mambo mawili ya hatari. Kwanza moto: usinyonye cheche za grainda kwenye mfuko wa maranda, wala usilaze mfuko umejaa. Unga wa mbao mkavu ukipata cheche unaweza kulipuka. Pili, kumwaga mfuko: hapo ndipo watu wanavuta vumbi la wiki nzima kwa dakika moja. Vaa barakoa. Na kama unawauzia maranda wafuga kuku, ya mbao zilizopakwa dawa usiwape.

Umeme usikutishe sana. Kinyonyaji cha wati 1,200 kikifanya kazi saa nzima kinakula uniti 1.2. Piga kwa bei ya uniti yako ya LUKU, halafu linganisha na trei moja iliyorudishwa pamoja na nauli ya basi. Mimi gharama hiyo sasa naiweka kwenye bei ya trei, kama vanishi na msasa. Mteja halalamiki, kwa sababu akipitisha kiganja hakuna chunusi. Siku hizi narekodi video nikipitisha mkono juu ya trei kwenye mwanga wa dirisha, na hiyo video inauza kuliko maneno yangu yote.

Mdogo wangu bado ananifungia mizigo. Siku za mpingo bado namtoa nje, maana mashine haimalizi kila kitu hata muuzaji aseme nini. Ila macho hayavimbi tena.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela ya mashine Dar, fanya jaribio la tochi leo usiku. Halafu tuambie hapa chini: kwako vumbi linatoka kwenye kifaa gani, na upepo unatoka upande gani? Tusaidiane kabla minada haijaanza na oda hazijatubana.