Mtoto wa Kike na Mikarafuu ya Baba Yake

Ndugu Wanachama,

Msimu unapokaribia, kurasa hizi huzungumza habari za majamvi, makonyo na bei. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni kile baba anachomwachia mtoto wake wa kike.

Hakuna katika sisi asiyelijua jina la Sayyid Said bin Sultan. Ndiye aliyeifanya karafuu kuwa zao kuu la visiwa hivi, na wazee husimulia kuwa aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Habari zake za utawala zimeandikwa na wengi. Habari zake za ubaba tumeachiwa na mwanawe wa kike, Bibi Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844.

Salme alikuwa na miaka 12 tu baba yake alipofariki baharini, Oktoba 1856, akirejea kutoka Oman. Mwaka 1866 akaondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1886, nacho alianza kukiandika kwa ajili ya wanawe, wapate kujua mama yao katoka wapi. Miaka 30 ilikwisha pita, lakini baba yumo humo kana kwamba jana: anachechemea kidogo kwa risasi iliyompata pajani vitani, na katika baraza ya Mtoni anatembea huku na huko, kichwa kainamisha, akiwaza.

Na liko jambo dogo ambalo sisi twaliona kubwa. Sayyid Said aliacha watoto 36 walio hai, wanaume 18 na wanawake 18. Mtu mwenye watoto wote hao, na dola ya kutazama Oman na pwani yetu, angesamehewa kama asingemjua kila mmoja kwa tabia yake. Lakini Salme alikuwa akimtania kwa kumwita bibi kizee, kwa kuwa alipenda uji wa maziwa uliopoa, chakula cha wasio na meno! Neno hilo la mzaha mtoto alikwenda nalo mpaka Ulaya, akalishika katika ujane na shida. Baba hakujua kuwa anaacha urithi.

Hatusemi haya kwa kumsifu mtawala. Mikarafuu ile ilichumwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria hapa hata mwaka 1897. Nao walikuwa baba na mabinti. Twasema kwa sababu katika malezi yale mna mafunzo kwetu, ya kufuata na ya kutofuata.

La kufuata ni mapenzi, na la pili ni haki. Baba alipofariki, Salme alipewa fungu lake, shamba lenye nyumba pamoja na fedha. Hakuambiwa kuwa ni mdogo, wala kuwa ni mwanamke. Leo, katika baadhi ya nyumba zetu, mikarafuu hugawanywa na ndugu wanaume peke yao, na dada akiuliza huambiwa, "Wewe una mumeo." Maneno haya hayana msingi katika dini. Sura ya An-Nisaa, aya ya 7 na ya 11, imemwekea mtoto wa kike fungu lake, mali iwe nyingi au kidogo. Anayelizuia hafuati desturi, anakula haki ya mtu.

La kutofuata ni hili. Katika nyumba ile wasichana walifundishwa kusoma tu, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akizinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa kalamu hiyo, mwaka 1859, akiwa na miaka 15, ndiye aliyewaandikia barua watu wa kaka yake Barghash. Basi kwa nini mtoto aibe elimu katika nyumba ya baba yake?

Mabinti zetu leo wanakwenda skuli, alhamdulillahi. Lakini ni wangapi wanaoijua mipaka ya shamba la baba yao? Ni wangapi wanaojua idadi ya mikarafuu, au wanaoweza kusoma mizani wakati wa kuuza? Tumewazoeza kuchambua na kuanika, hesabu tukawaficha. Baba akifa, haki yao imo mikononi mwa anayejua, naye akitaka atawapa, asipotaka hawapati.

Kwa hiyo twashauri kila mwanachama, msimu huu, amchukue binti yake shambani pamoja na kaka zake. Amwonyeshe mipaka, wahesabu miti, amwachie daftari aandike yeye. Na kila mirathi ipitie kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, isimalizwe barazani.

Mkarafuu humngoja mwenyewe miaka saba hivi kabla ya kumpa chochote, kisha huzaa hata baada ya yeye kufa. Mtoto wa kike ni vivyo hivyo, na ya kwake hupandwa angali mdogo.

Wassalaam,
Katibu