Ati ni ujasiri kung'oa tundu la eafoni!

Hivi wadau, kuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba simu yake ina tundu la eafoni? Mimi sijamsikia. Nimesikia watu wakilalamikia chaji inayokata saa sita mchana, kioo kinachopasuka kwa kuangaliwa tu, bei ya bando. Tundu la eafoni halikuwa na ugomvi na mtu.

Lakini tarehe 7 Septemba 2016, kule San Francisco, Phil Schiller wa Apple alisimama jukwaani kuitambulisha iPhone 7 isiyo na tundu hilo, akasema sababu yake ni ujasiri. Ujasiri! Siku hiyo hiyo wakatambulisha AirPods, dola 159. Biashara si dhambi, ila tusifungane kamba.

Wenzao wakacheka. Oktoba ile ile Google walijigamba kuwa Pixel yao ina tundu; mwaka mmoja baadaye Pixel 2 ikatoka bila. Samsung nao Novemba 2017 wakatoa tangazo la kumsimanga Apple na kiadapta chake. Agosti 2019 ikaja Galaxy Note 10: tundu hakuna. Nyani haoni kundule.

Tunaambiwa eti ni kwa ajili ya kuzuia maji. Galaxy S7 ya 2016 ilistahimili maji ya kina cha mita 1.5 kwa nusu saa, na tundu ilikuwa nalo. Sababu nyingine tafadhali.

Sasa nije kwangu, maana mimi natafuta ugali kwa sauti. Maiki yangu ndogo ya kubana kwenye kola ina pini ya milimita 3.5. Nachomeka, narekodi, namaliza. Kwenye simu mpya lazima kwanza nitafute adapta, kakipande ka waya kadogo kuliko kidole, kanakopotea kama sindano. Na kakishakaa kwenye tundu la chaji, sichaji tena. Mahojiano ya saa mbili, chaji asilimia 18, mzee wa watu anasimulia maisha yake, nami macho yako kwenye betri badala ya usoni kwake. Huo ndio ujasiri wenyewe?

Halafu kuna redio, ambayo wajuaji wa California sidhani waliifikiria hata dakika moja. Kwenye simu nyingi zenye redio ya FM, waya wa eafoni ndio antena. Ukiuondoa, redio inabaki mikwaruzo. Watatwambia tusikilize kwa intaneti. Kwa bando la nani? FM haili hata shilingi.

Eafoni za waya unazipata kwa machinga kwa hela ya chapati na chai. Zikifa sikio moja, fundi anaunga waya, maisha yanaendelea. AirPods za kwanza zilipofunguliwa na iFixit, zilipewa sifuri juu ya kumi kwa urahisi wa kutengenezeka. Betri ikichoka, umenunua hereni. (Kwa wanaokimbia asubuhi nakubali, zisizo na waya ni tamu. Mimi sikimbii.)

Waulizeni kaka zenu waliotumia simu mwanzoni mwa miaka ya 2000: Nokia na pini yake, Sony Ericsson na yake, ukibadili simu unatupa eafoni. Pini ya 3.5 ilitutoa huko. Ilikuwa moja kwa redio, kompyuta na simu, na haikuwa na mwenyewe wa kututoza. Nadhani hilo ndilo lililowauma.

Na angalieni walivyotuzoesha polepole. iPhone 7 ilikuja na adapta ndani ya boksi. Mwaka 2018 adapta ikatolewa. Mwaka 2020 eafoni zenyewe zikatolewa, pamoja na chaja.

Simu nyingi za bei ya chini bado zina tundu. Mdogo wangu anayo moja ya hizo, na wiki hii nimeiazima kwa kazi. Anaidai kila jioni, anataka kusikiliza mpira.