Motakaa ya Kampuni Si Zawadi



Wako wenzetu hapa Machakos, hasa wauzaji na wale wanaozunguka Masii, Mwala, Kangundo na Wote kwa kazi ya kampuni, ambao wameambiwa na matajiri wao hivi: "Mwaka huu hatuna nyongeza ya mshahara, lakini tutakupa motakaa. Utakwenda nayo hata nyumbani. Chagua unayoitaka."

Mtu akisikia hivyo hufurahi, na majirani humpongeza. Sisi hatusemi akatae. Twasema ahesabu kwanza, maana motakaa hiyo ina kodi, na mwenye kulipa kodi hiyo si tajiri, ni yeye mfanya kazi.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973 yasema kwamba motakaa ambayo kampuni imempa mfanya kazi ni sehemu ya mapato yake. KRA huipima kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa injini. Motakaa ya kawaida yenye injini ya 1,500 cc huhesabiwa Shs. 4,200/- kwa mwezi. Ya pili ni bei: 2 kwa mia ya fedha ambazo kampuni iliinunulia, kila mwezi. Kisha huchukuliwa hesabu ile iliyo kubwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hutafuta injini ndogo wakidhani kodi nayo itakuwa ndogo. Lakini motakaa ya injini hiyo ikiwa imenunuliwa kwa zaidi ya Shs. 210,000/- tayari bei imeishinda injini. Na ni motakaa gani ya kampuni siku hizi iliyonunuliwa chini ya hapo?

Tutoe mfano. Ndugu mmoja ana mshahara wa Shs. 80,000/- kwa mwezi. Ameonyeshwa motakaa mbili za injini sawa. Moja ni mpya, bei yake Shs. 2,400,000/-. Ya pili imetumika, bei yake Shs. 900,000/-. Akichukua ile mpya, mapato yake yatahesabiwa kuwa yamezidi kwa Shs. 48,000/- kila mwezi, ingawa hakuna hata senti moja iliyoingia mfukoni. Kwa mshahara wake kodi ya nyongeza hiyo ni 30 kwa mia, yaani Shs. 14,400/-. Akichukua ile ya pili atakatwa Shs. 5,400/-. Tofauti ni Shs. 9,000/- kila mwezi, au Shs. 108,000/- kwa mwaka. Hiyo ni karo ya watoto.

Tena kumbukeni: motakaa huzeeka, lakini kodi yake haizeeki. Hesabu hufanywa juu ya bei ya siku ile kampuni iliponunua. Baada ya miaka mitano ya barabara za murram, milango ikilia na rangi ikiwa imekwisha, bado mtakatwa kama siku ya kwanza.

Kuna jambo jingine. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza makato yote kupita theluthi mbili za mshahara. Kodi ya motakaa nayo ni makato. Mwenye mkopo wa chama cha akiba huenda akataka kuongeza mkopo wake akaambiwa nafasi imekwisha. Motakaa imeila.

Na petroli je? Petroli haijapata kuwa rahisi kwa mtu wa mshahara, na mwaka 2023 kodi ya VAT juu yake ilipandishwa kutoka 8 kwa mia hadi 16. Kwa hivyo ulizeni: petroli ya Jumapili ni ya nani? Tairi likipasuka safarini kwenda matangani, nani atalipa? Jibu la mdomo halitoshi.

Twajua wako ambao motakaa itawafaa. Mtu ambaye angenunua yake mwenyewe, akalipa bima na fundi, huenda akaona Shs. 5,400/- ni nafuu kubwa. Lakini anayekaa karibu na kazi, akaichukua kwa ajili ya heshima tu, atajuta. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, kabla ya kutia sahihi, ulizeni bei ambayo kampuni ilinunulia motakaa, mkaandikiwe. Pili, kama motakaa ni ya kazi tu, au matumizi yenu yamewekewa mipaka, taka barua ya kusema hivyo na wekeni daftari la safari, kwa sababu sheria yampa Kamishna wa Kodi ruhusa ya kupunguza hesabu mfanya kazi akileta ushahidi. Tatu, mwenye motakaa yake mwenyewe aombe malipo ya kila kilomita ya kazi. Yasipopita kiwango cha AA ya Kenya hayahesabiwi kuwa mapato.

Na kwa matajiri twasema: motakaa si badala ya nyongeza. Nyongeza huja mfukoni. Motakaa hutoa mfukoni. Jambo hili lizungumzwe mezani pamoja na chama, si na mtu mmoja mmoja mlangoni mwa ofisi.

Umoja ni nguvu.